Ceska Kuukuu: Ifungue Kwanza

Jina la Ceska nililijua kabla sijaiona bastola yenyewe. Nilipokuwa kijana Nakuru, wiki haikupita bila msomaji wa habari wa redio kutaja "bastola aina ya Ceska" iliyopatikana na risasi kadhaa. Masikioni mwetu lilikuwa neno la majambazi na polisi. Hatukujiuliza limetoka wapi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari raia wa Marekani na fundi wa magari huku Texas, niliikuta imelazwa juu ya kitambaa cha kijani, kwenye meza ya muuzaji mwenye leseni katika maonyesho ya bunduki. Ubavuni iliandikwa CZ 75, na kwa herufi ndogo kwamba imetengenezwa Czechoslovakia. Nikamwambia mzee mwenye meza kwamba kwetu Kenya hii tunaiita Ceska. Akafurahi. Akanieleza kwamba Česká ni neno la Kicheki, maana yake ni "ya Kicheki" tu, na jina kamili ni Česká zbrojovka, yaani kiwanda cha silaha cha Kicheki. Kumbe miaka yote ile redio ilikuwa ikitutajia nusu ya jina la kiwanda.

Niliishika, nikaigeuza, nikairudisha mezani. Sikuinunua siku ile, kwa sababu nilikuwa nimeshaungua mara moja.

Bastola yangu ya kwanza, ya aina nyingine kabisa, niliinunua katika duka la rehani. Ilikuwa inang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Mimi nimefanya kazi ya bodi kwenye gereji Nakuru kwa miaka saba. Nimepokea magari yaliyobingirika Salgaa, nikayanyoosha, nikayapaka fila na rangi, na mwezi mmoja baadaye nikayaona sokoni yakiuzwa kama magari ya mwalimu aliyekuwa akienda kanisani tu. Ninajua rangi inavyoficha. Hata hivyo nilitoa dola 430 kwa ajili ya mng'ao ule. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa kulenga shabaha nilivuta kifyatulio mara moja, zikatoka risasi mbili. Ya pili ilipanda juu ikagonga boriti ya paa. Msimamizi wa uwanja alikuja polepole, akaniambia niiweke chini, nitoe magazini, nirudi nyuma hatua mbili. Hakuumia mtu. Usiku ule sikulala.

Fundi bunduki niliyempelekea aliifungua mbele yangu. Kile kidole cha chuma kinachoishikilia nyundo isianguke kilikuwa kimepigwa tupa na mtu aliyetaka kifyatulio kiwe chepesi. Chini ya mng'ao kulikuwa na vishimo vya kutu vilivyosuguliwa hadi vikakaribia kupotea, na maandishi ya kiwandani yalikuwa yamefifia kama sarafu ya zamani. Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ile ilikuwa ikijitembeza, na dalili zote zilikuwa wazi kwa mtu wa kazi yangu. Ndiyo maana naandika haya. Wako ndugu zetu wengi huku Marekani wanaonunua bastola ya zamani kwa bei nafuu, kwa kujilinda au kwa kupenda vitu vya kale, na wengi huitazama kwa macho ya mnunuzi wa saa ya mkononi.

Baada ya hapo nilijifunza. Na CZ 75 ni somo zuri kwa sababu ina historia ndefu na mwili unaosema ukweli ukiufungua.

Ilibuniwa na František Koucký, akisaidiana na ndugu yake Josef, kwa ajili ya kiwanda cha mji wa Uherský Brod, Moravia. Ilitoka mwaka 1975, na nambari ya jina lake inatokana na hapo. Jambo linalonishangaza hadi leo ni kwamba jeshi la nchi iliyoitengeneza halikuichukua. Czechoslovakia ilikuwa upande wa Umoja wa Kisovieti, na bastola nyingi za majeshi ya upande huo zilitumia risasi ya Makarov, milimita 9 kwa 18. Hii ilitengenezwa kwa risasi ya milimita 9 Parabellum, 9 kwa 19, risasi ya nchi za Magharibi. Ilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje, ya kutafuta fedha za kigeni. Jeshi lenyewe lilikuja kupewa bastola nyingine, CZ 82. Hati za ubunifu wa Koucký zilifanywa siri ya serikali, kwa hiyo ng'ambo hapakuwa na wa kuulinda ubunifu huo. Waitaliano, Waswisi, Waisraeli na Waturuki wakauiga. Ukikuta bastola inayofanana nayo lakini ina jina jingine, huenda ni mmoja wa watoto hao. Wengine ni wazuri sana, ila usilipe bei ya mama.

Bastola ya nusu-otomatiki hufanya kazi hivi. Unavuta kifyatulio, nyundo inaanguka juu ya pini, pini inaigonga risasi iliyo kwenye chemba nyuma ya mtutu, risasi inatoka. Nguvu ya risasi hiyohiyo inakirudisha nyuma kile chuma cha juu kiitwacho slaidi, ganda tupu linarushwa nje, kisha springi iliyo chini ya mtutu inaisukuma slaidi mbele ikiwa imebeba risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Ukitaka nyingine itoke, unavuta tena. Kwenye bastola nyingi slaidi huikumbatia fremu kwa nje. Koucký alifanya kinyume, slaidi ya CZ 75 hupita kwenye mifereji iliyo ndani ya fremu, kama droo ndani ya kabati. Inakaa kwa uthabiti mzuri, lakini sehemu ya kuishika kwa vidole ni nyembamba, na mkono wenye jasho huteleza. Mjaribu mke wako au mzazi wako kama ataweza kuivuta kabla hujasema ni bastola ya nyumba nzima.

Umri wake unasomeka. Ikiwa imeandikwa Czechoslovakia, kwa kawaida ni ya kabla ya nchi ile kugawanyika tarehe 1 Januari 1993. Zilizofuata huandikwa Jamhuri ya Cheki. Tafuta pia mhuri wa serikali wa kupima bunduki, wenye simba mdogo, na karibu yake tarakimu mbili za mwaka. Yangu ina 86. Kisha tazama kama baada ya 75 kuna herufi B. Herufi hiyo inamaanisha kwamba ndani kuna kizuizi kinachoishikilia pini isiguse risasi mpaka kifyatulio kivutwe hadi mwisho. Zile za zamani zisizo na B hazina kizuizi hicho. Ikianguka kwa mdomo juu ya sakafu ya saruji ikiwa na risasi chemba, pini inaweza kuruka mbele kwa uzito wake yenyewe. Si sababu ya kuikataa. Ni sababu ya kutotembea nayo ikiwa na risasi chemba, na muuzaji mwaminifu atakuambia bila kuulizwa. Yule mzee aliniambia.

Jumapili nilirudi. Maonyesho yale yalikuwa ya siku mbili, na usiku kucha nilikuwa nimeshasoma na kuandika maswali.

Kwanza niliitoa magazini, kisha nikaivuta slaidi nyuma, nikaangalia chemba, nikaingiza kidole cha mwisho kuhakikisha. Mpangilio huo una maana. Ukianza na slaidi huku magazini iko ndani, utaitupa nje risasi moja na slaidi ikirudi itaingiza nyingine, nawe utaapa kwamba ni tupu. Marehemu mjomba wangu, aliyestaafu polisi akiwa sajini, hakukubali maneno kuhusu jambo hili. Akimkabidhi mtu bunduki, au akikabidhiwa, alisema vilevile kila mara: "Usiniambie haina risasi. Nionyeshe." Mzee wa Texas alinionyesha kabla sijamwomba. Tukaheshimiana hapo.

Nikamwomba ruhusa ya kuifungua. Kwenye CZ 75 hii ni kazi ya nusu dakika. Nyuma, upande wa kushoto, kuna mistari miwili midogo, mmoja kwenye slaidi na mmoja kwenye fremu. Unairudisha slaidi kidogo hadi mistari ikutane, unausukuma ule mpini wa kuzuia slaidi kutokea upande wa kulia, unachomoka, na slaidi inatoka mbele. Mezani mnabaki na fremu, slaidi, mtutu, na springi na kijiti chake. Muuzaji anayekataa hatua hii ana sababu, na sababu hiyo haimfaidi mnunuzi.

Kwa nje ilikuwa imechakaa. Pembe za mdomo wa slaidi zilikuwa zimebaki chuma kitupu, na rangi ya mbele ya mshiko imekwisha. Mtu angesema imefanyishwa kazi sana. Lakini uchakavu wa pembe zile unatokana na ala. Ni bastola iliyoingizwa na kutolewa kwenye ala ya ngozi maelfu ya siku, kiunoni mwa mtu wa kazi, na watu wa namna hiyo mara nyingi hubeba sana na kupiga kidogo. Ni kama gari la ofisi ambalo kiti cha dereva kimelika lakini injini haijaguswa. Anayetaka kujua injini anafungua boneti.

Ndani ndiko kwenye habari. Nilipitisha ukucha kwenye mifereji ya fremu na kwenye kingo za slaidi zinazopita humo. Chuma kiking'aa kwa usawa pande zote, ni uchakavu wa halali. Ukiona upande mmoja umeliwa na mwingine bado una rangi, kuna kitu kimepinda. Mtutu niliutazama kwa tochi, nikiweka karatasi nyeupe upande wa pili. Mistari ya ndani inayoizungusha risasi ilikuwa na kingo kali. Nilichokuwa nikiogopa ni kivuli cha duara, kama pete, katikati ya mtutu. Pete ile hutokea risasi dhaifu inapokwama ndani na nyingine ikapigwa nyuma yake. Mtutu huvimba, na hauna dawa ila kubadilishwa. Niliogopa pia vishimo vya kutu, maana risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na viwashio vinavyoacha chumvi, na chumvi huvuta maji hewani. Mwenye bunduki asipoiosha siku ileile, kesho kutu imeingia.

Juu ya mtutu kuna matuta yanayoingia kwenye mifereji ya slaidi ili viwili hivi vifungane wakati wa kupiga. Kingo za matuta hayo ziwe za mraba. Zikiwa zimeviringika au zimepondeka, bastola imepigwa sana au springi yake ilikufa zamani na hakuna aliyejali. Uso wa slaidi unaoegemea kitako cha risasi nao una habari zake, kwani kadiri bastola inavyopigwa, tundu la pini huzungukwa na alama za kulika. Kisha nilichukua kioo cha kukuzia nikatazama fremu kuzunguka tundu la ule mpini. Hapo ndipo nyufa hupenda kuanzia, na ufa wa fremu ni mwisho wa mazungumzo. Nambari ya fremu ndiyo inayohesabiwa, kisheria fremu ndiyo bunduki. Vingine vyote hununuliwa vipya.

Nikalinganisha nambari za fremu, slaidi na mtutu. Zilikuwa moja. Zikitofautiana, bastola inaweza kupiga vizuri kabisa, lakini ni gari lililounganishwa kwa vipande, na bei iwe ya gari la vipande. Nambari iliyokwanguliwa ni habari nyingine kabisa. Usiiguse, maana kuwa nayo tu ni kosa chini ya sheria ya shirikisho.

Mwisho nilitazama vichwa vya skrubu za vibao vya mshiko. Hiki nimekitoa kwenye magari. Vichwa vilivyochanika vinakuambia aliyekutangulia alitumia bisibisi isiyofaa na mkono wa haraka, na mtu wa namna hiyo hakuishia kwenye skrubu.

Tuliiunganisha tena, nikaomba ruhusa ya kuijaribu tupu. Niliirudisha nyundo nyuma, nikaisukuma kwa kidole gumba kutoka nyuma bila kugusa kifyatulio. Haikuanguka. Jaribio hili la sekunde tatu lingeniokoa na risasi ya boritini. Sefti ya CZ 75 hufungwa nyundo ikiwa imesimama nyuma. Niliifunga, nikavuta kifyatulio kwa nguvu, nikaachia, nikaifungua sefti. Kimya. Ningesikia mlio wowote wakati wa kufungua, au nyundo ingeshuka, ningeiacha palepale. Kisha nilivuta kifyatulio nikakishikilia nyuma, nikaivuta slaidi na kuirudisha. Nyundo lazima ibaki nyuma mpaka kidole kiachie na kuvuta upya. Ilibaki.

Alikuwa akitaka dola 695. Nilimwonyesha springi, ambayo ilikuwa imelegea, na magazini moja yenye midomo iliyopinda kidogo. Tukapatana 620.

Halafu ikaja fomu. Kila mwenye leseni ya kuuza bunduki Marekani, awe dukani au kwenye meza ya maonyesho, lazima akujazishe Fomu 4473 na, kwa kawaida, akupitishe kwenye ukaguzi wa shirikisho ulioanza mwaka 1998. Kwa bastola uwe umetimiza miaka 21. Raia anaruhusiwa, na mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa akiandika nambari yake ya uhamiaji. Aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi, ingawa kuna misamaha michache. Aliyehukumiwa kwa kumpiga mke au mwenzi haruhusiwi, hata kama lilionekana kosa dogo.

Swali ninaloomba ulisome mara mbili ni lile linalouliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Kaka, dada, kama binamu yako hana karatasi na amekuomba umnunulie kwa jina lako, mkatalie. Tangu mwaka 2022 kosa hilo peke yake linaweza kumfunga mtu hadi miaka 15, na kwa mhamiaji kifungo hakiji peke yake. Wala usifikirie kuituma nyumbani kwenye kontena pamoja na magodoro. Kuisafirisha kunahitaji vibali vya Marekani, na kuipokea Kenya kunahitaji vibali vya Kenya chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Maisha ya watu wazima yameharibika kwa zawadi ya namna hiyo.

Wiki iliyofuata nilikwenda uwanjani nikiwa na miwani, vifuniko vya masikio, risasi mpya za kiwandani na, nikiri, moyo unaodunda. Kwenye magazini niliingiza mbili tu. Bastola usiyoijua haipewi risasi 15 siku ya kwanza. Ikiwa ina ugonjwa wa kupiga zaidi ya moja, ijulikane kwa mbili. Ilipiga moja. Nikatulia. Ikapiga ya pili. Nikaokota maganda, nikatazama alama ya pini kama iko katikati na kama ubavu wa ganda haukuvimba. Nikapanda hadi tano, kisha kumi.

Katika magazini ya pili risasi iliinama ikakwama. Nilikuwa nimeziandika magazini kwa kalamu ya wino, moja na mbili. Nikairudisha ya kwanza, ikapita bila shida. Nikaiweka ya pili, ikakwama tena. Ugonjwa ulikuwa wa magazini, na kwa bastola za zamani mara nyingi huwa hivyo. Watu huziuza bastola nzima kwa hasara kwa ajili ya bati lililopinda na springi iliyochoka. Nilinunua magazini mpya na springi ya kurudisha slaidi, na jioni ile nilinawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kuwagusa watoto, kwa sababu moshi na vumbi la risasi vina risasi ya madini, sumu zaidi kwa mtoto kuliko kwa mtu mzima.

Sasa inalala ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa mahali pengine, na ufunguo niko nao mimi. Springi ya zamani nimeiacha mezani pa kazi. Nimeipima kando ya mpya, imepungua urefu kidogo, ingawa kwa macho ya kawaida zilionekana sawa.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya meza na bastola ya miaka 30 au 40 ikakuita kwa mng'ao wake, usitoe pesa. Mwombe muuzaji akuonyeshe kwamba ni tupu, kisha mwambie aifungue uone ndani. Akikataa, mshukuru, rudisha pochi mfukoni, uende zako.